Mizigo ya Kwenda Nyika

Yaya Furaha, mkubwa wangu,

Jambo sana toka Lilongwe! Lile gari lenye vitanda na jiko ndani, la kupeleka kwaya yetu milima ya Nyika, leo tulilipakia kama batu banakimbia vita: magodoro, sufuria kubwa, hata vyeti vya shule. Dereva, papa Kito, akacheka: "Bamama, munahama? Punguzeni, ama safari hakuna." Hakuna aliyeshusha kitu. Unajua mi na haya yangu, lakini nikasema kwa sauti: "Tushushe. Safari hii njo ya kwenda na kurudi, hatukimbii vita." Mama Neema, kiongozi wetu, akanitazama, kisha akashusha vyeti vyake kwanza. Wengine bakafuata. Tumebakiza unga wa nsima, ule ugali wa huku, samaki na mablanketi. Kesho tunaondoka!

Nakubusu, yaya. Kitanda changu huko nyumbani usimpe mtu, nitarudi.

Mdogo wako, Riziki