Nafasi ya Mwaka wa Pili

Jumatatu, 3 Novemba

Mikono bado inanuka vanishi. Leo nimesuka upya nyaya za mota mbili. Moja ya pampu, imeungua mpaka imekuwa makaa. Papa Jeannot, Mkongo mwenye karakana, kaikagua, kaguna, kairudisha mezani. Kwake hiyo ni sifa.

Jioni vita na kaka Bakari. Diploma ya chuo cha ufundi ninayo, sasa shahada ipi? Yeye anataka ualimu: masomo yangu yote yanakubaliwa, siulizwi kitu. Au biashara, lakini huko naanza mwaka wa kwanza na watoto waliotoka shule juzi. Mimi nataka uhandisi wa umeme, chuo kikuu cha hapa hapa mjini, Doornfontein. Waliotoka vyuo vya ufundi wanaingia mwaka wa pili moja kwa moja, wakifaulu mtihani wa vitendo. Nafasi chache mno. Ukikosa, subiri mwaka mzima. Kaka kasema nina kichwa kigumu. Ninacho. Nikamwambia ualimu akasome yeye.

Alhamisi, 6 Novemba

Kabelo hajaja kwenye mazoezi ya mtihani. Miaka yote ya chuo tumekaa dawati moja, mimi nikimfundisha hesabu, yeye akinifundisha matusi ya Kizulu. Naye anautaka uhandisi huohuo. Nimempigia, hapokei. Halafu nikaona alichoandika kwenye grupu la darasa: nafasi za chuo kikuu ni za wenyeji, wageni warudi kwao. Mgeni kwenye grupu lile ni mmoja tu. Nikamwandikia maneno ambayo mama asingependa kujua ninayajua. Kayasoma.

Huku Alexandra tunakoishi wanasema Jumamosi kuna maandamano mjini, ya kufukuza wageni. Kaka kasema nisitoke. Nimemwambia Jumamosi nina kazi.

Jumamosi, 8 Novemba

Walikuja tukiwa tunakunywa chai. Nilisikia nyimbo kwanza, halafu vioo. Papa Jeannot akakimbilia kuteremsha mlango wa chuma, ukakwama katikati. Wakapita kwa chini. Marungu, mawe, mmoja ana panga. Wakavunja kila kitu: mashine ya kusukia, taa, hata birika. Papa Jeannot akanisukuma nyuma ya kabati.

"Kimbia, mama! Pita nyuma!"

Wakamwangusha. Wakampiga akiwa chini. Nilisikia mbavu. Wallahi nilizisikia.

Aliyesimama juu yake na rungu alikuwa Kabelo.

Sikukimbia. Niliokota bomba la chuma nikampiga mkono wa kulia, kwa nguvu zangu zote. Mfupa ukalia. Akapiga ukelele, akageuka, akaniona. Nikalinyanyua tena. Nilitaka kichwa. Sijidanganyi, nilitaka kichwa. Mtu akapiga kelele kwamba polisi wanakuja, wakatawanyika, wenzake wakamburuta.

Papa Jeannot yuko hospitali. Jicho la kushoto limekwenda.

Jumapili, 9 Novemba

Sijalala. Askari kaniuliza kama nimemtambua yeyote. Nikasema hapana. Nikimtaja Kabelo, naye atanitaja mimi na bomba langu. Tutakwenda ndani wote wawili, na mtihani ndiyo kwaheri. Najidharau. Lakini ile hapana nimeshaisema.

Kaka analia bafuni akidhani simsikii. Anataka turudi Tanga. Sirudi. Potelea mbali, sirudi.

Alhamisi, 20 Novemba

Mtihani. Wanapanga wawili wawili kwa herufi za majina ya ukoo. Eish. Nani tena kama si yeye. Mkono wa kulia una plasta ngumu hadi kiwikoni. Msimamizi akamuuliza kapatwa na nini. Kasema kaanguka kwenye ngazi. Hakunitazama.

Tukapewa mota isiyowaka na kabati lake la swichi. Tafuteni hitilafu, rekebisheni. Kabelo aliiona kabla yangu, nikaona macho yake yamesimama pale pale waya ulipolegea. Kichwa anacho, sikatai. Lakini mkono wa kushoto haukuweza bisibisi. Ikamponyoka. Ikamponyoka tena. Akaninong'oneza, dada, nishikie waya tu. Dada! Papa Jeannot kule anajifunza kumimina chai bila kuimwaga, na huyu ananiita dada.

Msimamizi akasogea. Akaniuliza kama naweza kuendelea na mwenzangu, au nifanye peke yangu na yeye aitwe mwakani. Ningesema tunaendelea, tungemaliza wote. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo.

Nikasema peke yangu.

Kabelo akatoka bila kufunga mlango. Mota ikawaka mara ya kwanza. Nilifurahi. Si kwa ajili ya mota.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimepata. Mwaka wa pili, uhandisi. Kaka kapika pilau, kasahau kabisa habari za Tanga. Papa Jeannot kaja na kitambaa chake jichoni, kaniombea kwa sauti kubwa, kwa Kifaransa na Kiswahili cha kwao, mpaka jirani akagonga ukuta. Tukacheka. Nikala sahani mbili. Nikaenda nje nikatapika zote.

Jumatatu, 9 Februari

Kipindi cha kwanza. Ukumbi mkubwa, wengi wadogo kuliko mimi. Nilikaa mbele. Mhadhiri akaita majina. Orodha yake ilikuwa ya zamani, ya wote tulioitwa kwenye mtihani. Akaita langu, nikaitika. Akaita la Kabelo. Akaita tena, akainua macho akatutazama.

"Hayupo," nikasema.

Akalikata kwa kalamu, akaendelea na linalofuata.