Bata wa Mgomba

Baba yangu,

Shikamoo. Siku hizi naisema na hakuna anayeniitikia marahaba, lakini siwezi kuanza bila kuisema.

Jumamosi wanakuzika, na wewe hupo. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujasikia njiani, maana najua ulivyochukia kupewa habari zako na watu wa pembeni. Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Nitaibandika dukani Chekereni na pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na vijana watanisaidia kuisambaza kwenye simu. Anayeisoma ajue kwamba namtafuta baba yangu: mzee mrefu, mwembamba, mwenyeji wa Machame, amevaa koti la kijani lililochanika kola, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakinyooki. Alikuwa anaongoza mtu kuwinda. Akaingia kwenye matete, chini ya mashamba ya mpunga, kumfuata bata bukini aliyejeruhiwa, na hakutoka. Mwezi umeshakatika. Kama amelazwa mahali na hajui jina lake, mwambieni anaitwa Baba Aikande, na nyumbani wanamsubiri.

Aliyeamua mazishi ni baba mdogo Aminieli, na wazee wa ukoo wakamuunga mkono. Walikaa Jumapili baada ya ibada, wakaniita mwisho kabisa, jambo likiwa limeshapikwa na kuiva.

"Aikande," akaniambia, "mtu hakai nje namna hii. Tutakata mgomba, tutauvisha koti lake la kanisani, tutauzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, karibu na baba yake. Waliopotea majini ndivyo walivyofanyiwa toka zamani."

Mchungaji amesema atakuja kuomba na familia, lakini habari ya mgomba hataki hata kuisikia. Mama alikuwa anaangalia mikono yake tu.

Mgomba, baba! Wewe wa kuzikwa kwa mgomba! Nilicheka. Nilicheka mbele ya wazee, kicheko kibaya kisichozuilika, mpaka shangazi akanishika mkono akanitoa nje. Walidhani nimechanganyikiwa, na labda kweli nimechanganyikiwa. Lakini wao hawakuwahi kukaa nawe uani ukichonga. Mimi nilikaa.

Unakumbuka? Mgomba ukishakatwa mkungu, ulikuwa unachukua kipande cha shina chenye urefu kama wa mkono wako, toka kiwiko hadi vidole, unakichonga kwa kile kisu chako kibutu mpaka kinapata kifua na mkia. Mimi kazi yangu ilikuwa shingo. Mkipogoa kahawa, nilipita nikikusanya vijiti vilivyopinda, nikavijaribu kimoja kimoja. Ulikuwa unakikagua kijiti kama mtu anayechagua mchumba. "Hiki ni bata. Hiki ni mbuzi, kitupe." Tukawapaka masizi ya chungu yaliyochanganywa na mafuta, usoni tukawatia majivu, na bata wa mgomba, chambo cha kuwavuta bata wa kweli, akawa tayari. Mama alikuwa anapita na ndoo ya maziwa, anasema, "Haya, baba na binti wamepata watoto tena."

Majirani walikucheka, na wewe ulipenda kuchekwa. Kila mwanaume mwenye miguu mizuri kwetu hutafuta kazi ya kupandisha wageni mlimani. Wewe ulishuka. Ulisema mlima hauna haja ya kuonyeshwa, unaonekana na kila mtu toka kitandani, lakini bata hawaonekani mpaka uwajue. Basi wakakupa jina la Mzee wa Mabata, na waliotaka kuwinda bata na bata bukini, toka Moshi mjini mpaka Arusha, wakawa wanakutafuta wewe. Wakulima wa kule chini nao walikupokea kwa furaha, maana bata bukini wakitua kwenye jaruba la mpunga uliokomaa, mwenye jaruba analia.

Nilikuwa nakaa nawe kwenye tuta, tumejifunika matete, na bata wetu wa mgomba wanaelea mbele yetu, kila mmoja na kamba ya katani na jiwe lake. Yule wa katikati alikuwa na kamba ya pili, ndefu, na mwisho wa ile kamba nilishika mimi. "Bata asiyetingishika ni gogo," ulinong'ona. "Vuta. Siyo hivyo! Vuta kidogo tu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo." Nikavuta kidogo tu, na bata akatikisika, na kule juu kundi zima likageuka kutufuata. Sijawahi kujisikia mkubwa hivyo tena maishani, baba. Hata siku ya harusi yangu sikujisikia hivyo.

Sasa nije kwenye lile swali lako.

Mtu akija kukukodi, kabla hamjazungumza malipo, kabla hujaangalia kibali chake wala bunduki yake, ulimuuliza: "Ukimpiga akaanguka mbali, utaniacha nikamtafute?" Wapo waliocheka. Wapo waliosema, "Ah, mzee, tutapiga mwingine." Hao uliwapa chai, ukawasindikiza mpaka barabarani, ukarudi. Mama alilalamika kwamba unafukuza riziki. Ulimjibu kwamba ndege aliyevunjika bawa anakufa polepole, na wewe huwezi kula ugali huku unajua kuna kiumbe kinakufa polepole mahali fulani kwa sababu yako.

Sikiliza basi, baba. Mimi nami siwezi kula. Mama hawezi kula. Ulimhurumia bata, na sisi je? Nina hasira na wewe hasira ambayo sijui niiweke wapi. Nikikusamehe asubuhi, mchana nimeshabadilika. Nikisikia mluzi wa bata juu ya nyumba naziba masikio.

Mteja wako wa siku ile, Bwana Elineema, yule fundi mitambo mstaafu wa Arusha, amenisimulia mara nyingi, kwa sababu namlazimisha. Alimpiga bata bukini mkubwa, akaangukia ng'ambo ya maji na kuingia kwenye matete. Ulivua viatu, ukavipanga vizuri juu ya tuta, ukasema, "Nisubiri." Akakusubiri. Akakuita. Juu kulikuwa kumenyesha na maji yalikuwa yanaongezeka. Alipoona giza linakaribia akakimbilia kijijini akipiga kelele. Watu wakaja na mitumbwi, wakatafuta siku baada ya siku pale alipowaonyesha, wakachokonoa matete kwa miti mirefu. Hakuna. Wengine wakaanza kutaja mamba, kwa sauti ya chini, wakidhani sisikii. Kisha mavuno yakafika, na watu wana mashamba yao. Siwalaumu.

Viatu vyako ninavyo mimi.

Juzi nilimfuata mama jikoni nikamwambia nitayakataa mazishi haya, nitalala ndani ya hilo shimo wakilichimba. Alikuwa anamenya ndizi za mtori, hakuacha. Akaniambia, "Mwanangu, nimechoka kusikiliza lango." Basi. Kumbe kila likigongwa na upepo huwa anasimama. Kumbe hajalala toka siku ile. Nikikataa namuua mama, na nikikubali nakuzika wewe na huenda u hai mahali.

Nilitoka nje nikajiinamia pale unapochongea, na ndipo nikakumbuka jambo. Siku zile kamba zikikatika, mimi nilikuwa nalia nikidhani bata wetu wamepotea, na wewe ulikuwa unacheka: "Usihangaike, maji haya yana mahali pao pa kupumzikia." Tukazunguka kwa mtumbwi mpaka kule mbali, kwenye kona yenye mgunga ulioanguka, na kila mara tuliwakuta wote wamejikusanya pale, wameegemeana. Baba, wale waliokutafuta walitafuta ulipoingilia. Hakuna aliyekwenda kwenye mgunga, kwa sababu hakuna anayeujua isipokuwa mimi na wewe.

Bwana Elineema amekuja leo kutupa pole tena. Amekonda. Amekaa kwenye ncha ya kiti akaniuliza afanye nini, chochote, nimwambie tu.

"Nikodi," nikamwambia.

"Nikukodi?"

"Uwe mteja wangu. Kesho. Bunduki uiache."

"Mzee aliniuliza swali kabla ya kunikubali," akasema. "Na wewe niulize."

Nilijaribu, baba, nikaishia katikati. Akalijibu kabla sijalimaliza: "Nitakuacha ukamtafute." Kisha akafunika uso kwa kofia, akasema, "Ila safari hii siketi kwenye tuta. Naingia na wewe."

Kwa hiyo kesho nakuja. Kama uko pale, kwa hali yoyote ile, nakuja.

*

Niliishia hapo siku ya Alhamisi. Leo ni Jumamosi, jua linazama, watu wameondoka, na pipa la pombe ya mbege limebaki tupu chini ya mti wa parachichi.

Jana tulifika kwenye mgunga. Maji yamepungua, Bwana Elineema alikuwa anasukuma mtumbwi na mimi nilikuwa mbele nikionyesha njia, na njia yote nilikumbuka, sikukosea hata kona moja. Ungejivuna. Nilianza kuita kabla hatujafika. Niliita "Baba!" mpaka bata wakaruka wote, na baada ya hapo pakawa na kimya ambacho sitaki tena kukisikia.

Walikuwa pale. Bata wako wa mgomba, wale wa siku ile ya mwisho, wote wamejikusanya wameegemeana kama zamani, masizi yamewatoka, chini wameanza kuoza. Wewe hukuwepo. Tulichokonoa kila mahali. Nilishuka majini mwenyewe nikapapasa kwa miguu na mikono mpaka Bwana Elineema akanishika mabega akaniambia, "Mama, inatosha," na mimi nikampiga. Nilimpiga kifuani, na yeye akasimama tu nipige. Sina koti la kumwonyesha mama, sina kitambaa, sina hata kifungo. Nilikuwa nimemwomba Mungu anipe kitu kimoja tu cha kuzika, hata kibaya kiasi gani, akanipa mabata.

Nilimchukua wa katikati. Alikuwa bado na kamba yake ndefu, na shingo yake ni kile kijiti cha kahawa nilichokuletea Pasaka, ukasema hatimaye nimejua kuchagua.

Leo asubuhi walikuwa wameshaandaa mgomba wao. Baba mdogo Aminieli alikuwa ameulaza kwenye mkeka, ameuvisha koti lako la kanisani, amefunga vifungo vyote, na wewe hukuwahi kukifunga cha juu. Nikaenda mbele za watu na bata wangu, bado anachuruzika maji.

"Huo hakuugusa," nikasema. "Huyu alimtengeneza kwa mikono yake."

Wazee wakaanza kunung'unika. Mama ndiye aliyesimama. Akampokea, akapitisha kidole gumba kifuani mwa bata pale palipochongwa, taratibu, mpaka mkiani. "Kisu chake kile kibutu," akasema. Akafungua vifungo vya koti, akamvingirisha bata humo, akamkumbatia. Baba mdogo akatazama chini, akafuta macho, halafu akauburuta mgomba wake mpaka bandani akawakatia ng'ombe. Mchungaji, aliyekuwa amejitenga kule kwenye kahawa, akasogea akaomba.

Tukazika. Nilitupa udongo, baba, mkono wangu huu uliutupa. Mama alipanda mche wa sale, alama yetu ya kaburi, upande wa kichwani, na sasa amelala chumbani, usingizi mzito wa mtu aliyetoka shamba. Upepo umeligonga lango mara kadhaa na hajaamka. Lango nalisikiliza mimi sasa.

Wanasema imekwisha, nami nawaitikia, maana nimechoka kubishana na watu wanaonipenda. Lakini walipokuwa wanafukia, nilipiga magoti kama mtu anayelia, na nilikuwa nalia kweli, na mwisho wa ile kamba ya katani nikaupitisha kwenye udongo mpaka juu. Uko pale pembeni ya sale, umefichwa na majani makavu ya mgomba. Nimekaa hapa uani kwenye kigoda chako, viatu vyako viko mlangoni, na ninautazama.

Ukifika, hata kama umechoka huwezi kuita, uvute. Kidogo tu. Nitaona.

Mimi binti yako, mchagua shingo,
Aikande