Trei za Dirishani

Kwako dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na watoto hawajambo. Mimi mwili ni mzima, usingizi ndio umenihama. Juzi uliponiuliza kwenye simu kama kweli mumeo amepika takwimu, nilisingizia mtandao nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Ilianza hivi. Watafiti wa chuo kingine walirudia jaribio letu la dawa ya kuloweka mbegu za maharage. Walirudia mara tatu, wakifuata kila hatua tuliyochapisha, wasipate kitu. Mbegu za dawa na za maji matupu ziliota sawasawa. Mkurugenzi akatuita mmoja mmoja, akasema kuna mtu anadanganya, naye atamjua.

Kuhesabu miche na kuandika ilikuwa kazi ya shemeji, kumwagilia ilikuwa yangu. Basi nikaanza kumchunguza. Kila nilipoingia kwenye banda la miche alifunika daftari lake. Wenzake wakienda kula, yeye alibaki. Hata kikohozi chake nilikiona kina jambo. Yote hayo nikampelekea mkurugenzi, nikayatia na chumvi, shemeji akasimamishwa kazi.

Wiki iliyofuata wale watafiti wa chuo kingine wakamtuma mtaalamu wao, mama mmoja mfupi, mpole, asiyemwamini mtu hata kwa salamu. Alipanda trei ishirini, akazibandika namba tupu, na orodha ya zipi zina dawa akaifungia mkobani. Nadhani hata chooni alikwenda nao. Siku kumi nilimwagilia bila kujua ipi ni ipi, na nilimchukia kwelikweli. Orodha ilipotoka, tofauti haikuwepo. Na shemeji hakuwepo wa kupika chochote.

Akaniomba nimwonyeshe tulivyokuwa tukipanga trei zamani. Nikabeba zenye dawa, nikaziweka rafu ya dirishani kwenye mwanga na joto. Za maji nikaziacha chini ukutani. Ndivyo mikono ilivyozoea. Mama yule aliandika tu.

Dada, nilikuwa najua. Tangu msimu wa kwanza nilizipendelea zile za dawa, kwa kuwa ndizo tulizozitegemea, na nikajiambia ni kuzitunza tu. Hilo halikuandikwa popote. Mkurugenzi aliponiuliza kama kuna tunachofanya kisichomo kwenye maandishi, jibu lilinifika mdomoni. Nikalimeza, nikamtaja mumeo. Hesabu zake zilikuwa za kweli, hakugusa hata moja. Lile daftari alilonificha lina michoro ya rafu, siku baada ya siku. Alinishuku kabla sijamshuku, ila hakumwambia mtu, alitaka kwanza awe na hakika. Naona aibu, dada, aibu isiyo na pa kukaa.

Jana nilikiri mbele ya mkurugenzi, shemeji akiwa ameketi pale pale. Anarudi kazini Jumatatu. Mimi bandani nimeondolewa, na huenda nikaondolewa kabisa. Nilingoja shemeji anitukane. Aliniuliza jambo moja tu, kama nitakuandikia mwenyewe kwa mkono wangu, maana yeye amekuapia mara nyingi na bado unalala umempa mgongo.

Ndiyo hii nimeandika. Mgeukie, dada.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na mama umwambie nitakuja mwenyewe kumweleza.

Ni mimi mdogo wako uliyenibandika jina,
Kimbelembele