Kikombe Nilichokunywa New Street

Castle Vale, Birmingham
Jumapili, 30 Novemba 2008

Rosine anaolewa, kaka! Rosine wetu, yule yule uliyembeba mgongoni siku tulipokimbia Fizi, anaolewa, tena na mtu mwenye kazi yake, suti yake na adabu zake. Nimelitanguliza mbele ya salamu kwa sababu tumboni halikai.

Sasa salamu. Kaka yangu mkubwa Bethuel, hujambo? Wifi yangu Mama Ciza anaendeleaje na ule mguu? Na baridi ya Glasgow inawaachia hata kidogo mpumue? Sisi huku Mungu anatushika. Presha yangu imetulia, mwanangu Hugues anakula sana na kuongea kidogo, kama vijana wote wa hapa. Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Kwenye simu ungenikata katikati, ungepandisha sauti, mimi ningelia, na jambo lenyewe lisingesemwa. Barua huwezi kuikatiza. Isome mpaka mwisho, tafadhali, ndipo ukasirike.

Usishangae mwandiko unapanda na kushuka. Naandika, nasimama, naenda dirishani, narudi. Tangu siku nitakayokueleza hapa siwezi kukaa kitako. Mapazia nimeyafua, nikayatundika, nikayashusha nikayafua tena. Hugues ananiambia kwa Kiingereza nitulie, nami namjibu kwamba atatulia yeye siku atakapokuwa mama.

Unajua Rosine alivyo. Castle Vale yote haina binti kama yeye, na sisemi hivyo kwa sababu nimemzaa, ingawa nimemzaa. Ni nesi kamili, ana sare ya bluu, saa imening'inia kifuani, na gari jekundu alilolinunua mwenyewe. Hata dereva wa basi letu anajua kwamba mimi ni mama wa nesi, kwa maana nimemwambia. Huyo anayemtaka ni mfamasia wa hospitali hiyo hiyo, anaitwa Rikesh. Ndiyo, ni Mhindi. Nimesema. Usiiweke barua chini.

Ni Wahindi wa Kisumu. Babu yake alikuwa na duka la vitambaa kule kabla hawajahamia huku, na bibi yake, Jasumati, anazungumza Kiswahili mpaka leo. Ni Kiswahili cha dukani, cha kuagiza watu, lakini ni Kiswahili. Mama yake, Neeta, mkwe wa huyo bibi, alizaliwa hapa, hajui hata neno. Rikesh mwenyewe anajua neno jambo na neno polepole, na hayo mawili anayasema vizuri.

Rosine aliniambia habari zake mwezi wa kumi. Nilikoroga maharage mpaka yakaiva. Halafu nikauliza kama anamwogopa Mungu, akasema anamwogopa kwa namna ya kwao. Nikauliza kama anaheshimu wakubwa, akasema nitajionea mwenyewe. Ndipo akaomba tukutane na bibi yake na mama yake mjini, kwenye soko la Krismasi la Wajerumani, ili mtu asiwe mgeni nyumbani kwa mwingine. Alisema ni kutembea tu na kutazama vitu. Kaka, masikio yangu hayakusikia kutembea. Watu wa mwanaume wanaomba kumwona mama wa binti, wanakuja na mkubwa wao, wewe ungeita nini? Kwetu watu hawakutani bure. Nikamwita Mama Immaculée wa kanisani awe shahidi, nikavaa lile liputa jipya la kitenge cha wax lenye ndege wa dhahabu, na kilemba kirefu hata mlangoni ikanibidi niiname.

Soko lenyewe ungeliona! Wajerumani wanakuja kila mwaka na vibanda vyao vya mbao, wanavipanga kutoka kwenye jengo la halmashauri kushuka New Street yote, utafikiri mtu amepakia mji mzima kwenye lori akaja kuushusha hapa. Kuna soseji ndefu kuliko mkate wake, zinachomwa juu ya jiko la duara linaloning'inia kwa minyororo. Lozi zinakaangwa na sukari mpaka barabara nzima inanukia. Kuna farasi wa mbao wanaozunguka, na wanaume wazima na ndevu zao wamewapanda. Na juu ya kibanda kimoja kuna kichwa cha mnyama mwenye mapembe, kinaimba na kupepesa macho. Mama Immaculée mara ya kwanza alikikemea kwa jina la Yesu. Mara ya pili akakipiga picha.

Tukawakuta karibu na ngazi. Jasumati ni mdogo wa umbo, amevaa sari na koti zito na raba za kukimbilia. Kabla hata ya kuniamkia vizuri aliniambia kwamba Kisumu alimjua fundi cherehani mmoja Mkongo, mwenye maringo kama yangu. Nikamjibu kwamba maringo yangu bado hajayaona. Tukacheka, tukashikana mikono kama watu waliopoteana zamani. Neeta alitabasamu kwa meno tu. Rikesh alinishika kiwiko kila penye maji chini, na mimi nikamhesabia hilo.

Tukatembea. Kulikuwa na baridi ya kuuma mifupa, lakini koti langu nilikuwa nimelibeba mkononi. Ningewezaje kuwafunika wale ndege? Kisha Jasumati akaondoka kidogo na mjukuu wake, wakarudi na vikombe vya udongo vilivyochorwa picha ya mji, vinafuka moshi. Ndani mlikuwa na juisi ya matofaa, ya moto, yenye mdalasini na karafuu. Divai hapana, yeye hanywi, na mimi hujawahi kuniona nikinywa. Akanipa changu kwa mikono miwili. Kaka, mikono miwili!

Wewe unajua kuliko mimi. Kinywaji cha watu wa mwanaume kikiletwa, iwe pombe iwe Fanta, hakinywewi mpaka binti aulizwe, na binti akisema kunyweni, ameshajibu. Basi nikakishika sikunywa. Nikamwita Rosine nikamwuliza kwa Kiswahili, kwa sauti, kama baba yetu alivyoniuliza mimi, kwamba mwanangu, hiki tukinywe? Rosine akacheka, akanijibu kwa Kiingereza chake cha hapa kwamba ninywe tu, ni kitamu, kitapoa. Nikanywa mpaka chini. Mama Immaculée akapiga vigelegele ambavyo nafikiri mlivisikia huko Glasgow. Watu wakageuka, Wajerumani wakapiga makofi, vijana wenye kofia nyekundu wakashangilia bila kujua wanashangilia nini. Nikatoa hotuba. Nikasema tumewapokea, Rosine sasa ni binti yao, wamtunze, hatujamlea kwa maji ya bomba. Nilisema vizuri, kaka. Sijawahi kusema vizuri namna ile.

Mpaka hapa nimekueleza kama ninavyowaeleza watu wa kanisani. Sasa nakueleza wewe.

Pale wote walioelewa hotuba yangu ni Mama Immaculée, Rosine na yule bibi. Bibi alinishika mkono akaniambia polepole kwamba kikombe alikinunua kwa sababu aliona nimevaa kitambaa chepesi na midomo inanitetemeka. Habari za ndoa hakuna aliyemwambia. Yeye alijua Rosine ni rafiki wa kazini, na ametoka nyumbani kuja kuangalia taa.

Nilitamani ardhi inimeze. Rosine alikuwa hajui desturi ile, kaka. Nani angemfundisha? Mimi niliyetakiwa kumfundisha nilikuwa nakimbizana na zamu za kufagia maofisi. Neeta akauliza kumesemwa nini, kila mtu akatazama soseji. Mwishowe Rosine akamnong'oneza Rikesh, naye akamtafsiria mama yake, sikio jekundu. Neeta akaweka kikombe chake juu ya meza ya kibanda, akasema, na Kiingereza chake nilikielewa chote, kwamba mwanawe si mkate wa kugawanywa barabarani na mtu asiyemjua. Akaenda zake. Rosine hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Aliondoka tu, akaenda kwa Précieuse, binti wa Mama Immaculée, anayekaa Tyseley, na ndiko anakolala mpaka leo.

Alipiga simu mara moja. Akasema yeye na Rikesh hawakuwa wanaficha, walikuwa wanakwenda taratibu, na neno lile lilikuwa lake kulisema, mimi nikalichomoa kinywani mwake. Akasema kama itakuwa vita ya wazazi, wataenda wao wawili kwa msajili wa ndoa, na rafiki wawili wa kazini wawe mashahidi, na sisi wote tutasikia baadaye. Hilo ndilo linaloninyima kiti. Mtoto tuliyemvusha vita aolewe siku ya kazi, saa ya chakula cha mchana, kama mtu asiye na kwao.

Na bado sijafika penye ugumu. Kile kikombe, hata kama kingekuwa cha posa kweli, hakikuwa changu. Tangu tulipomzika baba wa watoto wangu kambini Nyarugusu, wewe ndiye baba, na anayekunywa kwanza ni wewe. Nisikudanganye kwamba nilisahau. Nilipokuwa nakinyanyua nilikukumbuka, uso wako huu hapa, na nikanywa. Nilijua ungeuliza ni kanisa gani, ungesema hapana, na hapana yako haijawahi kurudi nyuma. Nikataka uletewe jambo lililokwisha, ubaki kulibariki tu. Mama Immaculée hajui hilo, Rosine hajui. Sasa wewe unajua.

Alhamisi kengele ikalia. Jasumati, na raba zake, na sanduku la vitu vitamu vya kwao. Neeta alibaki kwenye gari, injini inanguruma. Bibi alikaa jikoni, akasema amemwuliza mjukuu wake kama mtu mzima anavyoulizwa, na kijana amesema ni Rosine ama asitafutiwe mwingine. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu wa hapa amewahi kuniuliza. Akauliza watu wa kwetu wanaletewa nini, kwa mkono upi, na nani anayepokea. Nilikuwa nimefungua mdomo nijitaje, kaka, unanijua. Badala yake nikasema ni kaka yangu aliye Glasgow, na kwamba mara ile mimi nilikunywa kwa wizi. Akauliza kama ni mtu mkali. Nikasema ni mkali sana. Akasema vizuri, aje huyo mkali, kwa sababu watu wanaokubali haraka yeye hawaamini. Tukapanga siku. Kuhusu mkwewe Neeta, akasema atakuja siku hiyo, ila hatoi ahadi kwamba atacheka. Nikamwambia hata kaka yangu hivyo hivyo, watakaa kiti kimoja. Hapo alicheka mpaka akashika mbavu.

Jana nikapanda basi mpaka Tyseley nikamweleza Rosine. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili asiseme hakuelewa. Akasema atarudi nyumbani siku hiyo kama mjomba wake atakuwepo. Anataka aulizwe na wewe, sasa akijua anaulizwa nini. Na kama jibu lako ni hapana, anataka umwambie machoni, si kwa simu na si kupitia kwangu. Usipokuja, hatakungoja, kaka. Ataenda kwa msajili, na ninamjua, ni wa damu yetu.

Kwa hiyo sikuombi ukubali. Ninaomba uje, hata kama unakuja kukataa. Nimevunja heshima yako mbele ya Wajerumani na Wahindi, na nitakupigia magoti mlangoni, liputa langu zuri chini. Lakini kiti cha baba nimekiweka karibu na dirisha, na hakuna anayekikalia, hata Hugues nimemfukuza.

Msalimie sana wifi, mwambie alete ule mkono wake wa kupika sombe ya majani ya muhogo, hapa naipata ya kugandishwa tu. Wasalimie Ciza na wadogo zake, na wazee wote wa kanisa lenu. Bibi Jasumati na watu wake wamekubali siku, Mama Immaculée ameambiwa asipige kigelegele mpaka apewe ruhusa, na Rosine ameomba zamu yake ibadilishwe. Tunawangojea wote hapa nyumbani Jumamosi, tarehe kumi na tatu Desemba, saa nane mchana.

Mdogo wako,
Faida, Mama Rosine