Kadi Nyekundu ya Khachon na Ombi la Baba Yako

Meza ya Maombi,
Mkabala na Ofisi ya Wilaya,
Den Chai, Phrae.
Tarehe 26 Aprili 2567, kwa hesabu yetu ya Kibuddha.

Mpendwa mpwa wangu Wilasini,

Kwa heshima na upendo natanguliza salamu kwako, kwa mkwe wetu Anders, na kwa mjukuu wetu Malee, ambaye picha yake akiwa na kofia ya sufi imebandikwa kwenye friji ya mama yako. Je, baridi ya Gothenburg imepungua? Kile kifua chako kimepona? Sisi huku tu wazima kwa kiasi tulichojaliwa. Joto la mwezi huu limetuvunja nguvu. Miguu yangu huvimba ifikapo adhuhuri, na wateja ni wachache. Mama yako angali anasafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Ujumbe wako wa tarehe kumi na moja, ulioutuma kwa simu ya mama yako, nimeusoma mara tatu. Umeandika kwamba baba yako alioa jeshi, nanyi mlikuwa wageni tu nyumbani mwake. Baba yako naye ameusoma. Aliirudisha simu mezani, akatoka kwenda kuosha pikapu ambayo ilikuwa safi.

Mimi ninayewaandikia watu maombi kwa mwaka wa thelathini sasa, bila kupata kukalia dawati la chuo chochote, naona ni wajibu wangu kukueleza mambo yalivyotukia, kisha uamue kwa haki.

Unakumbuka kwamba mdogo wako Khachon hakuyamaliza mafunzo ya kijeshi ya shuleni, ambayo yangemwondoa kwenye kura ya jeshi. Aliyaacha katika mwaka wa pili, mama yako alipoanza mashine, kwa kuwa baba yako alikuwa na kikosi chake Pattani, kusini kabisa, na wewe ulikuwa umekwisha kuondoka. Nasema hivi bila kukulaumu. Tangu hapo mdogo wako ndiye dereva, ndiye mpishi, ndiye anayejua mama anywe maji kiasi gani.

Basi mwezi Januari niliandika ombi la kumsamehe kura, kurasa mbili kamili, kwa hoja kwamba yeye ndiye mtunzaji pekee wa mzazi mgonjwa. Sijapata kuandika ombi zuri kuliko lile. Lilirudi na mstari mmoja tu: mgonjwa ana mume aliye hai na mwenye mshahara. Mpwa wangu, hoja hiyo sikuweza kuipinga.

Hapo mama yako akamgeukia baba yako. Nilikuwapo, tukila wali wa kunata. Alimwambia, "Thawin, mwenyekiti wa kura ya hapa mlikuwa chuo kimoja. Mpigie simu. Neno moja tu."

Baba yako akaweka tonge chini. "Lamduan, siku hiyohiyo mimi nitakuwa kwenye meza ya kura Sukhothai, nawasomea watoto wa watu kadi zao. Mama zao nitawatazamaje?"

"Kwani mimi si mama wa mtu?"

Baba yako akainuka, akaenda kunawa mikono.

Simu hiyo ilipokosa kupigwa, mama yako akaenda kwenye kibanda cha mzimu wa Jemedari, kile cha kando ya njia ya reli, akaweka nadhiri ya mayai mia moja ya kuchemsha ili Khachon atoe kadi nyeusi, ile ya kuachiwa. Mama Saengchan muuza ndizi aliposikia alishika kiuno. "We dada, una akili kweli? Yule mzee alikufa na upanga mkononi, anapenda askari kuliko mayai! Umempa paka samaki akulindie!" Mama yako alicheka mpaka akakohoa, kisha akalia. Akarudi kuifuta nadhiri, lakini nani anajua kama mizimu hukubali marekebisho.

Siku ya kura nilikwenda na Khachon badala ya baba yake. Vijana walikaa vifua wazi ukumbini, kila mmoja na namba ya wino mkononi. Waliohitajika ni arobaini na mmoja. Waliojitolea walikuwa ishirini na watatu. Zikabaki kadi nyekundu kumi na nane kwa vijana tisini na sita. Kijana aliyekuwa mbele yake alitoa nyeusi, akaruka, akamkumbatia hata polisi. Khachon akanyoosha mkono ndani ya sanduku, akaitoa kadi, akampa afisa bila kuitazama.

"Nyekundu! Jeshi la nchi kavu, kundi la kwanza!"

Maana yake ataripoti tarehe mosi Mei, yaani Jumatano ijayo. Njiani kurudi aliniuliza jambo moja tu: "Mjomba, Ijumaa nani atampeleka mama?"

Wewe uliandika ujumbe wako usiku huo. Yaliyofuata huyajui.

Asubuhi ya tarehe kumi na saba baba yako alikuja mezani pangu akiwa amevaa sare. Nilidhani amepita kunisalimu. La. Alisubiri nyuma ya bibi mwenye shauri la mpaka wa shamba, na zamu yake ilipofika akaketi kwenye kigoda cha wateja. "Shemeji, niandikie barua ya kuacha kazi."

Nikamwambia, "Kanali, umebakiza miezi mitano. Mwisho wa Septemba unastaafu, na unapandishwa kuwa kanali kamili. Miaka thelathini na sita umeingojea nyota hiyo."

"Najua hesabu. Likizo yangu iliyobaki ianze kesho, ikiisha waniache."

Nikaanza kuandika sababu: kutokana na majukumu mazito ya kifamilia yasiyoepukika. Akaweka kidole juu ya karatasi. "Futa hiyo. Andika: nampeleka mke wangu hospitali."

Nilimweleza kwamba maneno kama hayo hayapelekwi makao makuu. Akasema, "Ndiyo sababu. Sina nyingine." Nikaandika hivyo. Ni barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika.

Wilasini, mtu huyu ndiye aliyesafiri siku mbili kwa basi na treni kila mwisho wa mwezi ili akae nyumbani siku moja. Siku hiyo moja alizipiga pasi sketi zako tano za shule, akazitundika kwa mpangilio, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha akashika njia ya kituoni. Hakuwa mgeni. Alikuwa mbali, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Juzi Jumatano Khachon alimchukua baba yenu ili amfundishe njia za hospitali. Nilikwenda nao. Baba yako, aliyewaongoza watu mia tano misituni, alishika mlango wa kwanza aliouona. "Baba, huo wa maiti. Zunguka huku," Khachon akamwambia. Ndani, muuguzi anayemjua Khachon kama mwanawe alimtazama huyu mzee mwenye kofia mkononi.

"Na wewe ni nani?"

Alisimama wima. "Luteni Kanali Thawin Phromma, mama."

"Mimi nauliza wewe ni nani wa mgonjwa."

Akaigeuza kofia mkononi. Kisha akasema, "Mume wake. Nilikuwa kazini." Muuguzi akaandika jina lake kwenye kadi ya mama yako, chini ya jina la Khachon, akamwonyesha pa kuketi. Aliketi hapo saa zote nne za mashine.

Sikuombi umwombe radhi. Nakuomba umpigie. Mpigie yeye, siyo mama yako. Siku za mashine huwa amekaa tu kwenye benchi, na hana la kufanya.

Khachon anakusalimu, ananyoa nywele kesho. Mama yako anasema umvishe Malee soksi. Mama Saengchan anauliza kama huko ndizi zipo. Wema wote uliowatendea wazazi wako ukurudie ukiwa baraka, na njia ya kuja nyumbani isikufungikie.

Nimechoka, na karatasi imekwisha.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye,
Bunsong