Jina la Mwisho kwenye Orodha

Alhamisi

Eti, "Wewe si uko kazini?" Mtendaji wa kata kaniuliza hivyo huku akilikata jina langu kwa kalamu nyekundu.

Kazini! Mwaka wa pili huu najitolea pale ofisini, sijaonja hata senti. Leo tangu asubuhi nimeandikisha vijana wasio na ajira, maana serikali inataka watu wa kuchimba mitaro ya barabara, wapate chochote wakati huu mgumu. Nilipomaliza nikajiandika mwenyewe, wa mwisho. Diploma ninayo, ila na jembe nalijua. Mikorosho ya baba naipalilia mimi.

Nikamwambia, "Mtendaji, mimi silipwi."

Akacheka. "Subira, binti. Unapata uzoefu."

Uzoefu! Niupike na nini?

Kilichoniuma zaidi ni Somoe, tuliyesoma naye darasa moja. Nilipomwandikisha alinishika mkono akasema, "Mwenzetu umeshapata, usitusahau." Nikajibu inshallah. Ningesema nini? Mama mwenyewe anawaambia ndugu zetu wa Kinjumbi kwamba niko serikalini, na sijawahi kumsahihisha.

Nikaapa kwamba kesho siendi. Wafungue wenyewe, wafagie wenyewe, waandike wenyewe. Nimekula na hasira zangu, nimeswali isha, nikaja kulala.

Sasa naona nitakwenda. Kina Somoe watakuja alfajiri kuangalia majina yao, na ufunguo wa ofisi ninao mimi.