Pikapu ya Cassian na mama mkwe wake

Xaveria wee, keti kwanza. Kitendawili! Kina miguu minne, kinabeba magunia yote ya kahawa, lakini kumbeba mama mkwe kinashindwa. Nini?

Pikapu ya Cassian! Natoka arusini sasa hivi, kayasimulia mwenyewe mbele ya watu, yale ya mwaka themanini na saba. Mbavu sina!

Si unakumbuka mkewe Therese alipojifungua mjukuu wa kwanza kule Kayanga? Cassian akaja Nyaishozi kumchukua mama mkwe wake, Kantengwa. Akafika anajisifu: pikapu yake ya dizeli ameiongezea springi, ameiinua, mashimo haiyaogopi tena.

Kantengwa akaitazama ile bodi ya nyuma. Imemfika kifuani! Kukaa mbele bega kwa bega na mkwe, mwiko. Kusukumwa juu na mkwe, ndiyo usiseme! Hata kutazamana hawatazamani.

Kasimama na unga wake wa uji wa mzazi, moyo wote uko kwa mtoto. Cassian kaelekeza uso migombani, anauliza, "Sasa mama, tufanyeje?"

"Rudisha gari nyuma mpaka kwenye kichuguu."

Kichuguu, Xaveria! Akarudisha. Kantengwa akapanda kichuguu taratibu, akaingia bodini kama malkia, akagonga paa.

"Mkwe, springi umeweka, gari umeinua. Sasa weka ngazi. Kwa mjukuu wa pili sipandi kichuguu!"

Ngazi akaichomelea wiki ile ile. Na wenye pikapu wote Kayanga wakataka kama ile. Nani kati yao hana mama mkwe?